Mtazoea

Watu hununua nyumba kwa macho. Hutazama ukuta kama una ufa, hutazama paa kama linavuja, huchungulia choo, hupima vyumba kwa hatua, kisha husimama uani mikono kiunoni na kusema, "Panafaa." Sijapata kumwona mtu aliyekwenda kutazama nyumba akafumba macho akasikiliza. Na ilhali macho tuna hiari nayo, kwani aliyechoka kuona hufumba, masikio Mungu hakuyapa kope. Yanakaa wazi usiku na mchana, na lolote lipitalo jirani huingia bila kubisha hodi.

Nayasema haya kwa sababu mimi na mke wangu tumeishi kando ya reli, mjini Morogoro, tangu mwaka 2004. Kila mgeni anayelala kwetu hutuuliza swali lile lile asubuhi: ninyi mnalalaje? Nimelijibu mara nyingi kwa mzaha. Hapa ningependa kulijibu kwa utulivu, maana nimekuja kuona kwamba swali la usingizi ni dogo kuliko watu wanavyodhani, na nyuma yake limejificha jingine kubwa ambalo ni wachache wanaoliuliza.

Nyumba yenyewe ilikuwa pagale. Kuta zilikwisha kufika kwenye lenta, lakini halikuwa na paa wala milango, na mwenyewe alikuwa anauza apate ada za watoto. Lilikuwa upande wa kaskazini wa reli, kwa hiyo anayekwenda sokoni sharti aivuke. Bei yake ilikuwa kama nusu ya bei ya pagale la ukubwa ule ule upande wa mjini. Mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari na mke wangu muuguzi. Tulikuwa tumepanga miaka tisa katika vyumba viwili, tuna mtoto wa miaka minne, na mama yangu mzazi, aliyefiwa na mumewe, alibaki peke yake kijijini kwa sababu hatukuwa na pa kumweka. Nusu ile ya bei haikuwa anasa. Ndiyo iliyokuwa tofauti baina ya kumleta mama na kumwacha.

Dalali alitupeleka saa nne asubuhi, na siku hiyo palikuwa kimya kabisa. Reli ilikuwa imelala kwenye jua kama kitu kilichosahauliwa. Nilipomuuliza habari ya treni alicheka. "Mwalimu," alisema, "mtazoea. Baada ya mwezi mmoja hamtaisikia tena."

Mke wangu si mtu wa kusadiki haraka. Tulipokuwa tunarudi aliniambia, "Mwenzangu, mimi silali saa nne asubuhi ila nikitoka zamu. Turudi usiku tusikilize." Basi tulirudi siku tatu mfululizo, kwa idhini ya jirani aliyetupa mkeka wa kukalia, tukakaa ndani ya kuta zile zisizo na paa kuanzia saa mbili hadi karibu na alfajiri.

Usiku wa kwanza hatukusikia zaidi ya vyura. Usiku wa pili ilipita treni ya abiria itokayo Dar es Salaam kwenda bara. Kwanza ulikuja mwanga juu ya majani, kisha honi, kisha ardhi chini ya mkeka ikaanza kutetema. Lakini usiku wa tatu ndio uliotufundisha. Yapata saa nane ilipita treni ya mizigo, mabehewa ya matangi na ya makontena, kichwa kikiungurama mbele. Nilihesabu mabehewa hadi nikapoteza hesabu. Katikati yake nikamwona mke wangu anasema neno, nikaona midomo tu. Ilipokwisha kupita nikamuuliza, "Ulisemaje?" Akajibu, "Nilisema, mtoto atalala?"

Kwa mama sikuwa na wasiwasi, kwani masikio yake yalikwisha kudhoofika. Kwa mtoto sikuwa na jibu.

Msomaji anaweza kujiuliza kwa nini treni ya usiku isikike kali kuliko ya mchana, wakati chuma ni kile kile. Sababu zipo. Mchana ardhi huwa ya moto na hewa ya chini huwa na joto kuliko ya juu, kwa hiyo sauti hupinda kuelekea juu na kupotea. Usiku mambo hugeuka: ardhi hupoa, hewa baridi hukaa chini na yenye joto juu yake, na sauti hurudishwa chini ikasafiri mbali. Tena reli ya zamani, hii ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Morogoro mwaka 1907, imeungwa vipande kwa vipande. Baridi ya usiku huvipunguza vyuma urefu, nafasi kwenye viungio hupanuka, na kila gurudumu lipitapo hugonga. Gurudumu lililolika upande mmoja kwa breki nalo lina nyundo yake. Na juu ya yote hayo, usiku hakuna magari wala mashine za kusaga za kuifunika sauti hiyo.

Tulinunua, baada ya kuthibitisha jambo moja zaidi. Reli ina hifadhi yake, eneo la pande zote mbili ambalo mtu haruhusiwi kujenga. Dalali alitupimia kwa hatua zake ndefu akasema tuko salama. Sisi tuliwatafuta wapimaji, tukaonyeshwa mpaka, tukapata karatasi. Nililikumbuka hilo mwaka 2017, nyumba nyingi zilizokuwa ndani ya hifadhi ya reli jijini Dar es Salaam zilipoandikwa X nyekundu na kuvunjwa. Mtu aweza kuizoea kelele, lakini bomoabomoa haizoeleki.

Ramani ya pagale lile ilikuwa imeweka chumba kikubwa cha kulala upande wa kusini, ili mwenye nyumba aamkapo aione milima ya Uluguru. Mandhari hiyo ni nzuri, lakini kati yake na kitanda ipo reli. Tukakifanya chumba hicho sebule, tukaweka stoo na bafu upande huo huo, na sote tukahamia kulala upande wa kaskazini, ili sauti ivuke kuta mbili au tatu kabla ya kutufikia. Niliwahi kusoma mashauri ya Wazungu kuhusu nyumba za kando ya reli: weka madirisha ya vioo viwili, uyafunge. Nani atafunga vioo viwili Morogoro mwezi wa Januari? Dirisha letu ni nondo na wavu wa mbu, na hewa inapoingia, sauti nayo imo. Miti tuliyopanda ilitupa kivuli na maembe, lakini mstari mmoja wa miembe hauzuii treni. Kilichosaidia ni ukuta mrefu wa tofali usio na tundu, tulioujenga kidogo kidogo kwa miaka mitano.

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Glasi ziligongana kabatini, mtoto aliamka akilia, mke wangu alitoka zamu ya usiku akalala saa tatu asubuhi na kuamshwa saa tano na treni ya kokoto. Shemeji yangu alipokuja kutembea alitoka nje usiku na shuka kiunoni akipiga kelele kwamba kuna tetemeko la ardhi. Tulijifunza kukatiza maneno. Katika nyumba yetu mtu husema nusu ya sentensi, hunyamaza treni ipite, kisha huendelea pale pale bila mtu kuona ajabu. Hata ugomvi wa mume na mke ulipata faida, kwa sababu hasira haiwezi kusubiri mabehewa thelathini. Ikifika behewa la mwisho mtu amekwisha kusahau jibu kali alilokuwa ameliandaa.

Na dalali hakusema uongo. Mwezi wa pili mtoto hakuamka tena. Mwezi wa tatu nami sikuamka. Kiasi cha kuzoea kwetu nilikijua mwanzoni mwa mwaka 2010, mafuriko ya Kilosa yalipoisomba reli na treni za bara zikakoma kwa miezi. Usiku mmoja wa siku zile niliamka ghafla, nikakaa kitandani nikisikiliza. Mke wangu naye alikuwa macho. "Kuna nini?" nikamuuliza. "Hakuna kitu," akasema. Kisha, baada ya kufikiri, "Nadhani ndiyo sababu."

Hapo ndipo wengi humaliza hadithi zao za reli, kwa kicheko. Mimi naona ndipo inapoanza, kwa maana kuzoea si jambo moja. Sikio linaweza kuzoea na mwili usizoee. Wataalamu waliochunguza watu wanaolala karibu na reli, barabara kuu na viwanja vya ndege wanatueleza kwamba hata yule asiyeamka, mwili wake huamka kidogo: moyo huongeza mapigo, usingizi mzito hugeuka mwepesi, kisha hurudi. Asubuhi mwenyewe hakumbuki lolote na huapa kwamba amelala fofofo. Mwaka 2018 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilipendekeza kwamba kelele ya treni usiku, kwa wastani, isizidi desibeli 44 nje ya nyumba. Kiasi hicho ni kidogo, kwani mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hufikia kama desibeli 60, na kila zinapoongezeka desibeli 10 nguvu ya sauti huwa mara kumi. Mke wangu alipoyasikia hayo hakusema neno, ila tangu siku hiyo kila baada ya miezi mitatu hutukalisha sebuleni na kutupima presha, mmoja mmoja, mgeni akiwepo naye haachwi.

Lakini kuna kuzoea kwa namna ya tatu, na hiki ndicho kilichonitia hofu. Ni kuzoea kwa akili.

Jumamosi moja ya mwaka 2007, miaka mitatu kabla ya ule ukimya wa mafuriko, nilitoka kumtafuta mwanangu. Alikuwa na miaka saba. Nilimkuta na wenzake kando ya reli, wamepanga vizibo vya soda juu ya chuma ili treni ivisage viwe bapa, mchezo ambao watoto wote wa mtaa wanaujua. Treni ilikuwa imekwisha kutokeza kwenye kona na honi inalia. Watoto wawili, wageni waliokuja likizo, walikuwa wamekimbilia mbali. Mwanangu alikuwa amechuchumaa hatua mbili kutoka kwenye chuma, anakitengeneza kizibo chake, na hakugeuza hata shingo. Nilimnyakua mkono nikamvuta mpaka kwenye majani. Hakulia wala hakushtuka. Alinitazama kwa mshangao akaniuliza, "Kwani treni imekuja?"

Swali hilo halijanitoka mpaka leo. Mtoto hakuwa kiziwi. Sauti iliingia sikioni mwake kama ilivyoingia mwangu, lakini ilipofika ndani haikukuta mtu wa kuipokea. Tulimsifu alipoacha kuamka usiku. Tulisema, mtoto amezoea, alhamdulillahi. Kumbe akili yake ilikuwa imejifunza kwamba sauti ile haina maana, na haikujua kutofautisha mtoto aliye kitandani na mtoto aliye relini.

Haikuwa kwa mtoto peke yake. Miezi michache baadaye jirani yetu, mama muuza nyanya aliyeishi hapo kabla yetu, alivuka reli akaponea chupuchupu. Hakikuwa treni, kilikuwa kiberenge, kile kigari kidogo wanachopanda wafanyakazi wa reli. Kiberenge hakina muungurumo wa treni, na mtaani hakuna ajuaye saa zake. Dereva alipiga honi na kushika breki, kikasimama hatua chache kutoka kwake. Nyanya zilitapakaa kati ya mataruma. Tulipomfikia alikuwa amekaa chini anatetemeka na kurudia, "Sikusikia treni. Jamani, sikusikia treni." Alisema kweli, kwa sababu treni haikuwepo. Miaka yote sikio lake lilikuwa limejifunza sauti moja tu ya kuiogopa, na siku hiyo hatari ilikuja na sauti nyingine.

Sasa nimtaje mama yangu. Katika nyumba yetu, mtu aliyekuwa salama kuliko wote alipovuka reli alikuwa yeye, kizee asiyesikia. Treni ilipopita usiku aliitambua kwa nyayo au kwa kitanda, na mchana alipokuwa amekaa kwenye kigoda chake uani husema, "Inakuja," kabla sisi wenye masikio hatujaisikia. Lakini alipokwenda sokoni hakutegemea hata hilo. Alifika hatua tano kabla ya reli, akasimama, akakita fimbo, akatazama kulia, akatazama kushoto, akarudia kulia, ndipo akavuka bila kuzungumza na mtu. Alifanya hivyo asubuhi na jioni, siku ya treni na siku isiyo na treni. Vijana wa bodaboda walimcheka na kumpita. Hakuwajali. Nilipomsimulia, kwa ishara na kwa kupaza sauti, habari ya vizibo vya soda, alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Mwanangu, ninyi mna masikio ndiyo maana hamtazami. Mimi sina, basi sina budi kutazama."

Hakungoja nimwombe. Tangu wiki ile, kila alipokwenda sokoni alimwita mjukuu wake, kwa utani wa mabibi wetu wote, "Mume wangu, twende." Wakifika relini alimshika mkono, na mtoto ndiye aliyepaswa kutazama na kumwambia bibi kwa kichwa kama njia ni nyeupe. Akikosea kutazama upande mmoja, bibi hakugombeza. Alibaki amesimama tu, kama gogo, mpaka mtoto akumbuke. Wakati mwingine tuliwaona kutoka uani wamesimama pale muda mrefu, bibi na mjukuu, hakuna treni wala kiberenge, watu wanawapita kushoto na kulia. Mama alitutoka mwaka 2013, kitandani mwake, kwa uzee. Mwanangu hadi leo akifika kwenye reli yoyote husimama, hata iwe reli iliyoota nyasi.

Mwaka 2025 kijana huyo, sasa mtu mzima mwenye mke na mtoto mchanga, alinipigia simu kutoka Dodoma. Amepata kiwanja karibu na reli mpya, bei nafuu. Reli hiyo ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. "Baba," aliniambia, "dalali anasema treni ya umeme haina kelele kama zile zenu. Na hata ikiwa nayo, anasema tutazoea. Unanishaurije?"

Sikumwambia anunue wala asinunue. Najua nyumba inavyotafutwa, na najua nusu ya bei ni nini kwa mtu mwenye mtoto. Nilimwambia kwanza, ni kweli treni hiyo haiungurumi kama ya dizeli, na reli yake imechomelewa kwa urefu haina kile kigongo cha viungio. Lakini ina mwendo. Treni inayokwenda kilomita 160 kwa saa hupita mita 44 kwa kila sekunde. Treni ya kilomita 40 ikiwa mita 440 kutoka kwako inakupa sekunde 40 za kuisikia ikija, na hii inakupa 10. Sauti yake kwa hiyo si ndefu, ila ni ya ghafla, na mtoto mchanga hushtushwa na cha ghafla kuliko na cha muda mrefu. Uzio upo, na ni jambo jema, mradi watu wa mtaa wasiutoboe kutafuta njia ya mkato. Akatazame kama uzio ni mzima mahali hapo, na kivuko halali kiko mbali kiasi gani, kwa sababu kivuko kikiwa mbali mno uzio utatobolewa.

Nilimwambia apate mpaka wa hifadhi kwa maandishi. Nilimwambia aende usiku, tena si usiku mmoja. Nilimwambia asiulize, je, mimi nitalala? Aulize nani atakayekuwemo nyumbani mchana, nani mgonjwa, nani mchanga, nani anayelala wakati wengine wako kazini, maana kelele haiwagawii watu wa nyumba moja mafungu sawa.

Na la mwisho, nilimwambia kwamba dalali anasema kweli, na hapo ndipo pa kuwa macho. Watazoea. Kuzoea ni neema, bila hiyo nusu ya binadamu wasingelala. Lakini kuzoea hakuchagui. Huondoa kero, na katika kapu lilo hilo huchukua na tahadhari, wala hakikuulizi. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, wewe na mkeo kaeni chini mkubaliane ni kitu gani ambacho nyumba yenu haitakizoea kamwe, nani atamfundisha mtoto, na atamfundisha vipi kila siku, hata siku isiyo na treni.

Alinyamaza kidogo kwenye simu. Kisha akasema, "Kama bibi."

Hadi naandika haya hajanunua. Amekwisha kwenda kusikiliza mara mbili, bado usiku wa tatu.